Kompyuta ya marehemu baba: mafundi wanataka kupiga Windows upya, nifanyeje nisipoteze mafaili yake?

Bint_Muheza

Wakuu habari za humu. Shikamoo kwa wanaostahili.

Naomba msaada, na mnivumilie nikieleza kwa urefu maana jambo lenyewe limenikaa moyoni. Baba yetu alitangulia mbele ya haki mwezi wa 2. Ameacha kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 780, ile nyeusi ya kulala, aliyoinunua mtumba Tanga mjini mwaka 2012. Ubavuni ina stika ya Windows 7 Professional. Ramu ni 4GB, diski 250GB, prosesa Core 2 Duo E8400. Hayo nimeyatoa kwenye karatasi aliyoiandika mwenyewe na kuibandika chini ya meza.

Shida yake iko hivi. Inawaka, ila kila umeme ukikatika inaanza na maandishi meupe yanayosema saa haijapangwa, inataka nibonyeze F1. Nikibonyeza inaendelea, na tarehe inakuwa ya 2009. Halafu inachukua kama dakika kumi na mbili kufika pale penye jina la baba, na hapo inadai neno la siri. Hakuna anayelijua. Tumejaribu majina ya watoto wote, jina la bibi, mwaka aliooa, hadi namba ya shamba. Imegoma.

Nimeita mafundi wawili kwa nyakati tofauti. Wa kwanza alisema nimpe 20,000 apige Windows 10, vya kwenye C vitaondoka ila vya D vitabaki. Wa pili akasema vyote vitaondoka, kompyuta ni kuukuu, nisihangaike. Nimewashukuru wote wawili na sikuwaachia.

Sasa kilichomo ndani. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na shuleni kwao kulikuwa na kipimo cha mvua ambacho yeye ndiye alikisoma. Baadaye akaweka cha kwake nyumbani, kwenye uwazi kati ya nyumba na michungwa. Kila siku saa 3 asubuhi, iwe Idi, iwe kuna msiba, alikwenda, akamimina maji kwenye gilasi ya kupimia, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, akasoma, akamwaga. Tangu 1994. Aliandika kwenye madaftari, na alipopata kompyuta akayaingiza yote kwenye Excel, siku moja baada ya nyingine, kwa vidole viwili, ilimchukua miezi. Mwaka 2015 mchwa waliingia kwenye sanduku la madaftari na hatukuokoa hata moja. Kwa hiyo miaka yote hiyo iko ndani ya hiyo kompyuta tu. Flashi aliyokuwa akinakilia hatuioni.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu na anaihitaji kompyuta. Mama naye hataki igeuke pambo. Kwa hiyo ni kweli inabidi ipigwe upya. Ninachouliza ni hiki: nitayatoaje mafaili ya baba kwanza bila neno la siri? Na ni Windows gani inafaa mashine ya umri huu? Mimi ni fundi cherehani, kompyuta naijua ya kuandikia tu, lakini nikielekezwa nafuata.

Kipanga_Mtaani

Pole na msiba dada. Mpe fundi akuwekee Windows 11 moja kwa moja, 10 imeshaisha muda wake. Kuna njia ya kuruka yale masharti yake kwa Rufus, ile programu ya kutengenezea flashi ya Windows. Saa moja umemaliza.

Fundi_Ngamiani

Pole sana dada kwa kuondokewa na mzazi, Mungu amrehemu.

Kwanza nikutoe hofu. Neno la siri la Windows 7 ni mlinzi wa mlangoni tu, ukutani hakuna mtu. Mafaili yenyewe hayajafungwa kwa ufunguo wowote. Ukiwasha kompyuta kwa mfumo mwingine ulioko kwenye flashi, ile Windows haiamki kabisa, na folda za baba utazifungua kama daftari. Ingekuwa tofauti kama angetumia BitLocker, kile kifungio cha diski nzima, lakini kwenye Windows 7 hiyo ilikuwepo kwenye Ultimate na Enterprise, na wewe stika yako ni Professional.

Pili, hilo la C na D. Ninalisikia kila siku dukani na linaniumiza, maana watu wamepoteza picha za harusi kwa sababu yake. C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Fundi mwangalifu anaweza kusafisha chumba kimoja asiguse cha pili, hilo ni kweli. Lakini diski ikifa vinakufa vyote, na mkono ukiteleza wakati wa kufomati vinakwenda vyote. Na wazee wetu wengi wanahifadhi mezani, yaani Desktop, ambayo iko C.

Tatu, dakika kumi na mbili kufika kwenye jina. Hii ndiyo inanitisha kuliko vyote. Watu wanaita hali hiyo Windows nzito au virusi, wanapiga upya, inakaa wiki mbili inarudi vilevile. Mimi nashuku diski. Kama ni diski, kupiga Windows juu yake ni kuiandika gigabaiti nyingi ikiwa mgonjwa, na unaandika juu ya vitu vya baba. Kwa hiyo hadi tuione hali yake, usiiwashe tena kujaribu maneno ya siri. Kila ukiiwasha, Windows inasoma na kuandika diskini hata kama hujagusa kitu.

Nne, ile tarehe ya 2009 ni betri ya saa. Kwenye madabodi kuna betri ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032. Imeisha. Duka la saa lolote wanayo.

Kipanga, kwa heshima ndugu yangu, hiyo njia haifiki kwenye mashine hii. Rufus inaruka masharti ya TPM (chipu ya usalama) na ramu, lakini Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 inadai prosesa yenye maagizo ya SSE4.2, na E8400 haina. Haitawaka kabisa, hakuna cha kuruka hapo. Windows 10 itaingia, ila Microsoft walisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Na stika ya Windows 7 haifungui tena Windows 10 kama zamani, kwa hiyo watakuwekea ya kuchakachua, na ya kuchakachua huji kujua imekuja na nini.

Ushauri wangu ni Linux Mint, mfumo wa kutumia badala ya Windows, toleo la Xfce. Ni bure, ni nyepesi, na Mint 22 itapata masasisho hadi 2029. Na uzuri wake mwingine ni kwamba inaishi kwenye flashi kabla hujaisakinisha popote. Hiyo hiyo flashi ndiyo utakayoitumia kuingilia kwenye mafaili. Una laptopu ya kutengenezea flashi?

Bint_Muheza

Asante sana kaka, umenieleza nikaelewa. Nimeichomoa ukutani kabisa, haiwashwi tena.

Laptopu sina. Nina simu tu, ya Android. Niende stationari?

Nyamagana98

Dada simu inatosha. Nunua flashi ya 8GB au zaidi na kile kiwaya cha OTG cha kuchomekea flashi kwenye simu. Weka programu inaitwa EtchDroid, kisha shusha faili la ISO, yaani mfumo mzima ndani ya faili moja, la Linux Mint Xfce kutoka tovuti yao wenyewe. Ni karibu GB 3, kwa hiyo panga bando la usiku. EtchDroid itaandika ISO kwenye flashi, itafuta kila kilichokuwemo. Simu iwe na chaji ya kutosha na usiichezee wakati inaandika. Njia hii inafaa kwa Linux, kwa ISO za Windows haifanyi kazi.

Ukimaliza chomeka flashi kwenye Dell, washa, ukiona nembo ya Dell bonyeza F12 mara kadhaa, chagua USB. Itakuja skrini ya Mint. USIBOFYE ile alama ya kusakinisha iliyoko mezani. Fungua menyu, tafuta programu inaitwa Disks, chagua diski ya 250GB, kisha kwenye menyu yake kuna SMART, yaani taarifa za afya ya diski. Tuletee namba mbili tu: Reallocated Sector Count na Current Pending Sector Count.

Bint_Muheza

Nimerudi. Imenichukua siku nne, bando lilikatikia kwenye GB 2 nikaanza tena.

Imewaka kaka zangu. Nimeona Mint kwa macho yangu kwenye kompyuta ya baba, na haikuuliza neno la siri la mtu. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kanga kinywani.

Sijabofya kusakinisha. Nimekwenda kwenye Disks. Juu imeandika kwa Kiingereza kwamba diski ni nzima, ila ina sekta mbovu. Reallocated ni 412, Pending ni 96. Sijaelewa, inakuwaje nzima na mbovu kwa pamoja?

Fundi_Ngamiani

Dada, zima. Usifungue folda yoyote kwanza, zima kwa menyu kisha chomoa.

Hilo neno "nzima" linawapoteza wengi. Programu inasema diski haijavuka kiwango ambacho mtengenezaji alikiweka cha kuitangaza imekufa. Viwango hivyo ni vya mbali mno. Soma namba. 412 ni sehemu ambazo diski ilizikuta mbovu ikazihamishia kwenye akiba yake. 96 ni sehemu ambazo hivi sasa imeshindwa kuzisoma na haijui la kufanya. Hizo 96 ndizo zinazokula dakika zako kumi na mbili, inajaribu kusoma palepale mara mia.

Kwa hiyo mafundi wote wawili wangepiga Windows juu ya diski inayokufa. Umefanya vizuri kuwakatalia.

Unahitaji vitu viwili. SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, ya 240GB kwa ajili ya mfumo mpya, na diski ya nje ya kuazima, yenye nafasi zaidi ya 250GB, ya kupokelea vya baba. Kisha diski ya baba isitumike tena maishani, iwekwe kabatini kama ilivyo.

Ukipata hiyo ya nje, washa kwa flashi, nenda moja kwa moja kwenye folda ya mvua, nakili, hakikisha inafunguka. Baada ya hapo ndipo picha na mengine.

Nyamagana98

Fundi hapa nitatofautiana nawe kidogo. Diski yenye pending 96 huisomi folda kwa folda. Unatoa nakala ya diski nzima kwanza kwa programu ya ddrescue, halafu mafaili unayatafuta ndani ya nakala. ddrescue inapita kwanza sehemu nzima zote bila kung'ang'ana, sehemu mbovu inaziruka na kuzirudia mwishoni. Ukianza kubofya folda, ile programu ya mafaili inasoma kila picha ili ikuonyeshe kijipicha chake, diski inateseka bure.

Fundi_Ngamiani

Ni kweli kitaalamu, na ingekuwa diski ya mteja dukani ningefanya hivyo. Lakini faili la Excel la mvua halizidi megabaiti chache. Kama diski imebakiwa na pumzi kidogo, pumzi ya kwanza niitumie kwa kitu ambacho hakina mbadala duniani. ddrescue kwenye diski kama hii inaweza kwenda usiku kucha, na umeme wa kwetu mnaujua.

Tukutane katikati. Afungue folda moja tu ya mvua, anakili, afunge. Kisha ddrescue kwa diski nzima.

Nyamagana98

Sawa, hapo nakubali. Dada ukifika hapo unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, Mint itaipata yenyewe. Fungua Terminal uandike mstari kwa mstari:

sudo apt update
sudo apt install gddrescue
lsblk

Hiyo ya mwisho itakuorodheshea diski. Angalia ukubwa, ya baba ni ile ya takriban 232G. Mara nyingi inaitwa sda, lakini thibitisha kwa macho. Fungua diski ya nje, ndani yake fungua Terminal, kisha:

sudo ddrescue -d /dev/sda baba.img baba.map

Cha kwanza ni kinakotoka, cha pili ni kinakokwenda. Rudia kusoma mara tatu kabla ya kubonyeza Enter. Lile faili la baba.map ndilo kumbukumbu ya ilipofikia. Umeme ukikatika, washa tena kwa flashi, sakinisha gddrescue upya maana flashi haikumbuki, hakiki tena jina la diski kwa lsblk, kisha ndani ya diski ya nje andika amri ileile na itaendelea pale pale.

Bint_Muheza

Wakuu, naandika nikiwa nimekaa mbele ya hiyo kompyuta. Nieleze yote kwa mpangilio.

Diski ya nje nimeazimwa na mwalimu mwenzake baba, 500GB. SSD nimeagiza Tanga kwa dereva wa basi, 65,000. Betri 1,500.

Nilifungua kasha kwa bisibisi ya cherehani, kumbe hata haikuhitajika, kuna kitasa unakivuta kifuniko kinanyanyuka. Ndani vumbi lilikuwa limelala kama pamba kwenye feni, na pembeni ya waya kulikuwa na mayai mawili ya mjusi yaliyokauka. Nimelitoa vumbi kwa ile brashi ninayosafishia nyuzi chini ya meno ya cherehani, polepole, nikiwa nimeishika feni kwa kidole isizunguke. Betri niliitoa kwa kuisukuma kijiti, nikaweka mpya, upande wenye maandishi juu. Umeme umekatika mara mbili tangu hapo na tarehe haijarudi nyuma.

Sasa mvua. Folda ilikuwa kwenye Desktop, kama Fundi alivyosema. Yaani ilikuwa C. Yule aliyesema vya D vitabaki angeifuta.

Ndani ya folda kulikuwa na mafaili matatu: MVUA, MVUA MPYA, na MVUA MPYA 2. Nikanakili yote matatu, yakapita. Nikataka kujua la mwisho ni lipi, nikaangalia tarehe. MVUA imeandikwa 2021. MVUA MPYA imeandikwa 2023. MVUA MPYA 2 imeandikwa Januari 2009. Nikajua hilo ni la zamani kabisa, nikaliacha. Nikafungua MVUA MPYA, likaishia Septemba 2023. Nikakaa pale nikalia, maana nilimwona baba kwa macho yangu akiandika hadi siku alipopelekwa hospitali.

Usiku nimelala nikakumbuka. Hakuwa na kompyuta mwaka 2009. Aliinunua 2012! Ni ile betri. Betri ilipoisha, kila umeme ukikatika kompyuta ilirudi 2009, na kila alichohifadhi kilipigwa muhuri wa 2009. Nikaamka saa 9 usiku nikafungua MVUA MPYA 2, nikashuka hadi chini kabisa. Mstari wa mwisho ni tarehe 11 Januari mwaka huu. Tarehe alizokuwa akiziandika mwenyewe kwa mkono zote ni sahihi, hata moja haijakosewa, wakati kompyuta pembeni ilikuwa inamwambia ni 2009.

Nawaomba wenye kompyuta za wazee nyumbani mlishike hili. Msiamini tarehe ya faili kama saa ilikuwa mbovu. Fungueni ndani.

Niliteremka hadi Oktoba, Novemba na Desemba 1997, ile El Nino. Kuna siku ameweka rangi nyekundu, na pembeni ameandika "daraja limekatika, watoto hawakuja".

Baada ya hapo ndipo ddrescue. Ilianza saa 1 jioni. Sehemu kubwa ilikwenda vizuri, kufika usiku wa manane ikaanza kusuasua, na diski ikawa inagonga ndani, tak, kimya, tak. Umeme ukakatika saa 10 alfajiri, nikasakinisha gddrescue tena, nikaandika amri ileile ikaendelea kama Nyamagana alivyosema. Kesho yake mchana ikamaliza. Haikupata MB 1.3 tu katika diski nzima. Picha mbili za harusi ya dada hazifunguki, ziko kijivu nusu ya chini. Nyingine zote zipo.

Je, sasa niichomeke SSD nibofye kusakinisha?

Fundi_Ngamiani

Alhamdulillah. Hiyo ya tarehe sikuifikiria hata mimi, nimejifunza kwako.

Kabla ya kubofya chochote, chomoa diski ya baba kabisa, waya wa umeme na waya wa data. Usiache hata mmoja. Kwenye usakinishaji kuna mahali pameandikwa futa diski na usakinishe, na ikiwa diski zote mbili zimo, kosa ni la sekunde moja. Ikiwa haimo, huwezi kukosea. Na ile ya nje uiondoe pia.

SSD ni ndogo kuliko kibebeo cha buluu, usijali, ibane kwa tepu ya pande mbili, ndani yake hakuna kinachozunguka. Tumia nyaya zilezile. Chagua saa za Dar es Salaam. Mpe mdogo wako neno lake la siri, na mama la kwake, na yaandikwe mahali pamoja panapojulikana.

Mwana_Likoni

Dadangu pole kwa msiba, salamu kutoka Mombasa. Nimewafuata tangu mwanzo. Mambo mawili.

Kwenye LibreOffice, programu ya Mint inayofanya kazi ya Excel, hilo faili la mvua litafunguka, ila ukihifadhi litakuuliza umbo lipi. Kama mwalimu mwenzake mzee ataendelea kulitazama kwa Excel, liache kwenye umbo lake lile lile la zamani. Na nakala ya asili usiiandike kamwe, ifungie kando.

La pili, mna printa? Nyumba nyingi zenye mashine kama hii zina HP LaserJet 1020. Mint itaiona lakini haitachapa mpaka uandike hp-plugin kwenye Terminal ukiwa na intaneti, ndipo inashusha kijiprogramu ambacho printa hiyo hukihitaji kila inapowashwa. Mimi nilihangaika nayo siku mbili nikidhani imekufa.

Bint_Muheza

Asante kaka wa Likoni. Ni hiyo hiyo 1020! Nimeandika hp-plugin, imechapa.

Mint imeingia kwa dakika kama kumi na tano. Kuwasha hadi mezani nimehesabu sekunde 31. Mdogo wangu ameshaweka vitini vyake vya fizikia. Faili la mvua liko kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, kwenye flashi, na nimejitumia kwenye barua pepe. Diski ya baba nimeifunga kwa kipande cha khanga nikaiweka kabatini.

Nimebaki na swali moja, na pengine si la humu. Kuanzia 12 Januari hakuna kilichoandikwa. Mama anasema alikuwa anakwenda kila asubuhi kumwaga maji kama alivyozoea kumwona baba, ila hakupima, hakujua kusoma ile gilasi. Mdogo wangu ameanza kupima wiki hii. Ile mistari ya katikati tuweke sifuri?

Mzee_Kipimo

Binti yangu, mimi nilikuwa mpimaji wa hali ya hewa, nimestaafu. Kwa kawaida huwa nasoma tu humu.

Usiweke sifuri. Sifuri maana yake mtu alikwenda saa 3, akatazama, hakukuwa na maji. Hiyo ni habari. Siku ambayo hakuna aliyepima iache wazi, na pembeni andika "haikupimwa". Ukijaza sifuri, Januari na masika ya mwaka huu yataonekana makavu, na atakayejumlisha miaka ishirini ijayo atadanganyika, hatakuwa na namna ya kujua. Kama mama angeacha maji yakusanyike siku kadhaa, mngeweza kuandika jumla ya siku hizo kwa pamoja, lakini kwa kuwa yalimwagwa, acha wazi.

Na ikiwa kuna manyunyu yaliyolowesha kipimo lakini hayafiki milimita 0.1, hiyo pia si sifuri. Sisi tuliandika TR. Tazama kwenye mafaili ya mwalimu, naamini utaiona.

Kumbukumbu ya zaidi ya miaka 30 ya mahali pamoja ni kitu kikubwa. Wastani wa hali ya hewa duniani kote hukokotolewa kwa miaka 30. Ukipata nafasi peleka nakala Mamlaka ya Hali ya Hewa, waeleze kipimo kiko wapi na nani alisoma.

Bint_Muheza

Shikamoo babu. Nimeangalia, TR zimejaa tele. Nilidhani ni makosa ya kuandika, nilikuwa nimeanza kuzifuta kwenye nakala moja. Nimeitupa hiyo nakala nikachukua ya asili.

Mistari ya katikati nimeiacha wazi, na kwenye ule wa kwanza nimeandika "haikupimwa, mwalimu anaumwa".

Leo saa 3 asubuhi mdogo wangu ameinama kwenye gilasi, na mama amesimama kando naye anataka afundishwe. 14.2.